Sufuria Iliyokatazwa Makala

Niliinama kutafuta mkeka chini ya kitanda cha marehemu, mkono wangu ukagonga boksi. Nilijua ni nini kabla sijalivuta. Picha ilikuwa ileile ya boksi la zamani, au ya dada yake: mama wa Kizungu anatabasamu, karoti mkononi, na mbele yake sufuria ya mvuke inayong'aa, ya kuivisha upesi, ile tuliyozoea kuiita kokoti. Gundi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika. Ilunga, mwana wa marehemu, aliinunua hii Lubumbashi miaka mingi iliyopita, akamletea mama yake kwa treni, na wazee wale wawili wakaendelea kuchemsha maharagwe yao kuanzia asubuhi hadi watoto wanaporudi kutoka shuleni, kwa sababu Tata Kabamba alikuwa amesoma notisi, ile karatasi ya maelekezo ya kiwanda. Sasa Tata Kabamba tulikuwa tumemzika jana. Lupango, ua wa nyumba yake, lilijaa watu wa matanga waliotaka kula, na mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nikakaa sakafuni chumbani kwake nikicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Tata ni baba, lakini hakuwa baba yangu. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu wa shule, nikiwa na miaka kumi na saba, na jinsi nilivyofika pale ni hadithi ya watu wengine, haina utamu wowote. Alikuwa karani wa reli, Mmethodisti wa kufunga shati mpaka kifungo cha juu hata siku za joto. Mkewe, Mama Elisabeti, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye mguu mmoja mbovu na ulimi mzima kabisa. Mtoto aliyebaki nyumbani alikuwa Ilunga, aliyenizidi kidogo kwa umri na kunizidi sana kwa mzaha, kijana mrefu mwenye kifua kibaya. Nyumba ilikuwa ya reli, ya matofali, iliyojengwa enzi za Wabelgiji: sebule, vyumba viwili, na jiko lililokuwa ndani ya nyumba. Jiko hilo Mama Elisabeti hakulipenda, kwa sababu moshi ulipanda kwenye dari ya mbao na kukaa humo. Yeye alipika nje, kwenye mbabula yake ya bati, jiko dogo la makaa, makala kwa Kiswahili chetu, akiegemea ukuta na kuwasalimu wapita njia. Harufu ya nyumba ile ninayo mpaka leo: sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Kinkondja waliokaushwa, na sabuni ya kufulia.

Katika nyumba ile hakuna kitu kipya kilichoguswa kabla notisi yake haijasomwa. Baada ya sala ya jioni Tata alivaa miwani, akasimama, akasoma karatasi kwa Kifaransa na kuitafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ileile aliyosomea somo kanisani. Mwisho alisema, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, na sisi tukajibu kwa pamoja, "Tunasikia." Mara yangu ya kwanza kilikuwa kikopo cha rangi ya viatu, nikadhani wananitania. Kikopo kilisema ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, usubiri, uone. Basi Tata alipaka kidogo chini ya ulimi wa kiatu, akalala, asubuhi akakipeleka dirishani kukikagua, ndipo akapaka kiatu kizima. Na kila aliponunua kikopo kipya cha rangi ileile alianza upya. Tochi ilisema betri zitolewe kama haitumiki, kwa hiyo alizitoa kila asubuhi akazifungia kwenye droo, na giza lilipoingia sote tulipapasa ukuta tukitafuta droo. Blanketi la sufu lilisema lisikamuliwe, lisianikwe juani, likaushwe likiwa limelazwa. Siku ya kulifua lililala juu ya meza, sisi tukala bukari, ugali wetu, tumesimama. Kisanduku cha kiberiti kiliandikwa kiwekwe mbali na moto. Tata alikiweka chumbani kwake, na kila aliyetaka kuwasha makala alipiga hodi kwanza.

Kokoti ile ya kwanza aliiacha mgeni wa kanisa kutoka ng'ambo, kumshukuru Mama Elisabeti kwa kumlisha. Notisi yake ilikuwa ndefu kuliko zote, Kifaransa upande mmoja, Kiflamandi upande wa pili. Jioni ya kuisoma majirani wawili walikuja kusikiliza, maana habari za kokoti zilikuwa zimeshaenea mtaani. Ya kwanza: usiiache kamwe bila mtu wa kuiangalia. Ya pili: usiifungue kwa nguvu. Ya tatu: watoto wakae mbali. Ya nne: isitumike kwenye moto wa kuni wala wa makala.  Tata aliirudia ile ya nne polepole, akitumaini labda itabadilika. Mtaani kwetu umeme ulikuwa kitu cha kuhadithiwa. Ulibaki kituoni na kwenye kambi ya jeshi. Alimaliza kusoma zote kwa heshima, akasema njo vile, tukajibu tunasikia, halafu akairudisha sufuria ndani ya boksi, boksi likaenda chini ya kitanda.

"Sasa nitaipika mu nini?" Mama Elisabeti aliuliza. "Mu jua?"

"Tutangoja umeme," Tata akasema.

"Basi tungoje. Maharagi nayo ingoje."

Jikoni, tukiosha vyombo, mimi na Ilunga tulikuwa na notisi yetu. Ilunga alijifunga kitambaa cha vyombo shingoni kiwe tai, akashika sinia mbele ya uso, akakohoa kile kikohozi cha Tata cha kabla ya kusoma. Ya kumi: usiikaribie sufuria kabla ya kuchana nywele. Ya kumi na moja: usiimbe karibu nayo, inaweza kuitikia sauti ya pili. Ya kumi na mbili: shemeji anayependa kuonja asiachwe nayo chumba kimoja. Nami sikukubali kushindwa: usiitukane kwa Kiluba, inaelewa; ukiiona imenuna, muulize mwenye nyumba, usiiulize yenyewe. Kila jioni tuliongeza. Tulicheka tukiwa tumejiziba midomo, maana kati ya jiko na sebule hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu, na upande wa pili Tata alikaa na Biblia yake. Tuliamini kwamba masikio yake yamechoka. Alikuwa anageuza ukurasa, basi.

Huo ndio mwaka ambao waasi walikuwa wakija kutoka mashariki, na askari wa serikali wakirudi nyuma mbele yao, mji baada ya mji. Habari zilifika kwa baiskeli. Wauza samaki kutoka Kinkondja walishusha vikapu vyao na kuongea na Mama Elisabeti kwa sauti ya chini, wakidhani sisi vijana hatusikii. Waliotoka upande wa Kabongo walisema mambo yaleyale. Askari walikuwa na njaa na hasira. Walichukua redio, magodoro, mashine za kushona, na baada ya hapo walihitaji vichwa vya kubebea. Kijana mwenye mabega alikamatwa mlangoni kwao, akapewa mzigo, akatembezwa mbele. Waliochukuliwa vijiji vya juu hakuna aliyekuwa amerudi. Hilo la mwisho muuza samaki alilisema akitazama baiskeli yake, na Mama Elisabeti akamlipa bila kubishana bei, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Majirani wengi walikimbilia mashambani. Nyumba ya upande wa kulia ilikuwa tupu tangu Wakasai waliokaa humo walipofukuzwa mkoani, sasa na ya kushoto ikabaki na Kasongo peke yake, aliyeachwa kulinda mbuzi. Sisi hatukwenda. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, na mvua zilizotangulia Ilunga alikuwa amelazwa hospitali na mapafu. Daktari alisema alale pakavu, la sivyo. Pakavu palikuwa nyumbani tu. Kwa hiyo Tata alilegeza mbao mbili za dari, juu ya jiko kabisa, na Ilunga akajifunza kupanda kupitia kabati na kuzirudisha mbao nyuma yake. Tulimfanyisha mazoezi. Alikuwa mwepesi na mwembamba, hatukusikia hata ubao kulia. Tulichosikia kilikuwa kikohozi. Dakika chache humo ndani, kwenye masizi ya miaka yote, na kifua kilianza. Tata alisimama chini akisikiliza, uso umemwelekea juu, na kila Ilunga alipokohoa nilimwona akifumba macho.

Siku yenyewe makala yalikuwa yamebaki kidogo chini kabisa ndani ya gunia, mabichi, ya mwisho. Hakuna aliyethubutu kwenda porini kuchoma mengine. Samaki walikuwa wamekwisha, yamebaki maharagwe, na maharagwe ya huku kwetu Kamina unayajua mwenyewe, yanataka moto wa siku nzima. Kupika nje ilikuwa kuwaita askari kwa harufu. Mama Elisabeti alikaa kwenye kigoda, akaangalia gunia, akaangalia maharagwe, akaniambia, "Marta, ingia chini ya kitanda, utoe kokoti mu boksi."

Tata alikuwa mlangoni. "Mama, ile ya nne."

"Ya nne ninaijua. Weye leta umeme, minyi nitazima makala."

Nilimwona akipigana na nafsi yake. Naapa ilimuuma kuliko habari za vita. Mwishowe akavaa miwani. "Kama tunavunja ya nne," akasema, "basi zingine zote tuzishike." Akasoma notisi nzima pale pale, mchana, sisi tumesimama jikoni na mbabula inafuka moshi, na Ilunga ananikanyaga mguu ili nicheke. Tukajibu tunasikia. Mama akafunga kifuniko, akaiweka sufuria kwenye makala, na Tata akakaa kitini mbele yake, mikono magotini.

Ilianza kulia wakati mvua inakatika. Kile kipande kidogo juu ya kifuniko kilitikisika, mvuke ukatoka kwa msonyo mrefu, mkali, usiokoma, na sote tukaruka. Mama Elisabeti ndiye aliyecheka kwanza. Alikuwa bado anacheka tuliposikia bati la lango likipigwa teke. Ilunga alikuwa juu ya kabati kabla sijageuka. Niliona nyayo zake, kisha mbao zikarudi mahali pake, kisha vumbi kidogo likashuka kwenye nywele zangu, nikalipangusa.

Walikuwa watatu, na nyuma yao Kasongo, yule kijana wa nyumba ya kushoto, godoro kichwani na redio imefungwa juu ya godoro. Hakututazama. Mkubwa wao alikuwa sajini, mtu mzima, viatu vimefunguka mdomo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Wale wawili waliingia vyumbani bila kuulizwa. Sajini alisimama sebuleni. "Vijana iko wapi?"

"Mutoto yetu alikwendaka Kinkondja kutafuta samaki," Mama Elisabeti alisema. "Mpaka leo hajarudi. Tunabakia bazee na huyu binti."

Aliniangalia, akaangalia pazia la jiko. Msonyo ulikuwa unatoka huko. Alilivuta pazia kwa mtutu wa bunduki. "Oyo nini?"

"Maharagi," Tata alisema. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake.

"Fungula."

"Hapana."

 Sajini hakuelewa. Alimwangalia mzee yule mwenye shati lililofungwa hadi juu kana kwamba amesikia vibaya. "Papa, nasema fungula. Halafu nyote mutoke inje, mukae chini pale mu lupango. Tunatafuta mu nyumba yote."

"Hatuwezi kutoka sisi wote," Tata alisema, taratibu, sauti ya ofisini. "Ile kintu ikiwa ku moto, hairuhusiwi kuiacha bila muntu. Iko mu notisi. Ya kwanza kabisa."

Wakati huohuo nilisikia kitu juu ya kichwa changu, kidogo, mtu anayejaribu kukohoa kupitia puani. Moshi wa yale makala mabichi ulikuwa unapanda wote huko. Sajini alisogeza kichwa. Mama Elisabeti alikuwa ameshainama kwenye mbabula na kipepeo chake cha majani, anapepea kwa nguvu zake zote, na msonyo ukapanda juu mpaka masikio yakauma. Nilielewa wakati huo, na nadhani sote wanne tulielewa, mmoja wetu akiwa darini. Kokoti ikilia, Ilunga ataweza kukohoa. Ikinyamaza, atasikika.

"Notisi gani?" Sajini akauliza, akilazimika kupaza sauti.

Tata alinyanyuka, akachukua karatasi juu ya kabati, kabati lilelile ambalo alama ya mguu ilikuwa bado juu ya vumbi lake. Aliifuta alama hiyo kwa mkono wa shati akiichukua karatasi. Akavaa miwani, akakohoa kikohozi chake, akaanza. Alisoma Kifaransa, akatafsiri, akasubiri. Usiifungue kwa nguvu. Watoto wakae mbali. Ile ya nne aliipita, mara ya kwanza maishani mwake kuruka kitu, nikamwona shingo inavyomtoka jasho. Usijaze kupita mstari. Usiiweke ndani ya tanuri. Usiitumie kwa kazi isiyokusudiwa. Sajini alikuwa ameegemea mlango, bunduki imelegea. Pale kwenye "kazi isiyokusudiwa" aliinua mkono.

"Ngoja. Kazi gani ingine muntu anaweza kufanya na sufuria?"

"Haisemi," Tata akajibu. "Inakataza tu."

Sajini akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. "Bazungu," alisema. "Banatengeneza bunduki bila karatasi, halafu sufuria banaiandikia sheria." Akavuta kigoda cha Mama akakaa. Alikuwa na njaa. Harufu ilikuwa imeanza kutoka na mvuke, na niliona koo lake likimeza. Vyumbani wale wawili walikuwa wanavuta droo. Mmoja alitokeza kichwa kupitia pazia, tochi mkononi, akauliza kwa nini haiwaki, na Tata bila kugeuka akamwambia betri ziko kwenye droo ya pili, ndivyo inavyoagizwa. "Endelea," Sajini alisema. "Soma. Tutakula ikiiva."

Sentensi za Kifaransa zikaisha. Niliijua ile karatasi kwa moyo, nilijua pale alipofika hakuna kitu tena chini yake isipokuwa jina la kiwanda. Juu yetu Ilunga alikuwa anakohoa sasa bila kupumzika, namsikia kwa sababu nilijua pa kusikiliza, na Mama anapepea, jasho linadondoka kwenye makala. Makala yenyewe yalikuwa yanakwisha.  Tata akaigeuza karatasi, upande wa Kiflamandi, lugha ambayo hakujua hata salamu yake, akaisogeza karibu na miwani, na kwa sauti ileile ya somo la kanisani akasema:

"Ya kumi. Usiikaribie sufuria kabla ya kuchana nywele."

Nilidhani nimerukwa na akili.

"Ya kumi na moja. Usiimbe karibu nayo, inaweza kuitikia sauti ya pili." Akasubiri, kama alivyosubiri siku zote, ili wasikilizaji wapate maana. "Ya kumi na mbili. Shemeji anayependa kuonja asiachwe nayo chumba kimoja."

Alikuwa nazo zote. Za Ilunga na zangu, kwa mpangilio wetu, maneno yetu bila kubadilisha moja. Jioni zote zile, nyuma ya pazia, akigeuza kurasa, alikuwa anatusikia, na hakuwahi kutugombeza hata mara moja. Kicheko na kilio vilinijia pamoja, nikauma shavu langu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Niliogopa kwa ajili ya Ilunga kuliko nilivyoogopa dakika yoyote kabla ya hapo. Yeye alikuwa amejipanga kuzuia kikohozi. Hakuna aliyempanga kuzuia kicheko.

Alipofika kwenye kutotukana kwa Kiluba, Sajini aliacha kutabasamu. Alinyoosha mkono. "Lete."

Tata alimpa karatasi. Sajini aliitazama juu mpaka chini, akaigeuza, akairudisha upande wa Kiflamandi. Palikuwa na mchoro wa mkono uliokatwa na mstari mwekundu. Aliuangalia mkono ule muda mrefu. "Unanicheka, papa?"

"Minyi ninasoma kile kinaandikwa," Tata akasema. Aliyesema hivyo alikuwa mtu asiyedanganya hata umri wa mbuzi sokoni, na alimtazama mtu mwenye bunduki machoni. Msonyo ulikuwa umeanza kushuka. Mama Elisabeti alipepea, na hapakuwa tena na kitu cha kupepea ila majivu.

Kituoni kichwa cha treni ya askari kikalia, mara moja, kirefu, halafu tena. Wale wawili wakatoka vyumbani mbio, blanketi la sufu limekunjwa vibaya begani, kiatu kizuri cha Tata kinaning'inia kwa kamba. Sajini akasimama. Aliangalia dari, nasema aliiangalia, Ilunga anasema haiwezekani, tumebishana miaka yote. Kisha akaanua kitenge kwenye kamba, akaizungushia kokoti ikiwa ya moto, imefungwa, maharagwe yetu yote ndani, akainyanyua mwenyewe. Wakatoka uani.

Jiko likawa kimya. Kimya kile nitakufa nacho. Walikuwa bado langoni, wanampanga Kasongo mzigo, na hapakuwa tena na sauti yoyote ya kumficha mtu. Tata alichukua karatasi pale Sajini alipoiacha, akatoka nayo nje, nikamwona kupitia dirishani anavuka matope kwa viatu vyake vya zamani, anawafuata watu wanaokwenda. "Sajini," aliita. "Notisi inafuata kintu. Iko sentensi ya mwisho: ukimpa muntu, umpe na karatasi." Alisimama naye langoni akamwelezea, kidole kwenye mistari, jinsi ya kungojea ipoe, na wapi pa kushika, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nyuma yangu Mama Elisabeti akaanza kuimba wimbo wa kanisani, naye kwa sauti kubwa. Sajini akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo. Kasongo alitembea mbele na godoro. Hakurudi. Mama yake alikuja kutoka shambani baada ya wiki, akakaa kwenye ngazi yetu, na Tata hakuweza kumtazama mpaka alipokufa yule mama. Tata alifurahi kwamba mtoto wake mwenyewe alipona, na furaha hiyo ilimchoma kila alipopita nyumba ya kushoto. Mimi pia inanichoma.

Ilunga aliposhuka alikuwa mweusi wa masizi, shati lake amelijaza mdomoni, na meno yalikuwa yamepita kitambaa. Alikohoa sakafuni mpaka akatapika. Tata alimshika paji la uso. Tulingoja aseme kitu kuhusu zile notisi zetu. Alisema tu, "Wamechukua betri," akaenda kuirudisha droo mahali pake. Hakulitaja jambo lile siku hiyo wala baadaye. Lakini kuanzia hapo, tulipoosha vyombo, Ilunga aliinua sauti kidogo, ili mtu wa upande wa pili wa pazia asipate shida.

Basi niliburuta boksi mpaka uani, mbele ya watu wote wa matanga. Mama Elisabeti, ambaye sasa haoni vizuri, aliligusa, akalitambua. "Ilifungwa mpaka ameondoka," alisema. "Mwanaume ule. Itoeni. Bantu iko na njaa." Ilunga ana mvi, na kifua chake hakikupona kamwe. Alivaa miwani, akafungua karatasi, akasimama. Wajukuu walidhani ni sala wakainamisha vichwa. Alisoma zote, ile ya makala akairuka, akaigeuza karatasi akaendelea, na sauti ilimkatika kwenye shemeji. Akasema njo vile. Tuliojibu tunasikia tulikuwa wawili tu, mimi na mama yake.

Tuliiweka kwenye mbabula, juu ya makala mazuri makavu. Ilunga alileta kiti akakaa mbele yake, maana haiachwi bila mtu. Ilipoanza kulia msonyo wake, mabega yake yakatikisika, na kile kikohozi kikaja, cha ndani, kikubwa, kikamkunja kabisa. Watoto wakageuka kumwangalia. Mjukuu mmoja akakimbilia maji. Mama Elisabeti alinyoosha mkono gizani mwake mpaka akampata mgongoni.

"Kohoa, baba," alimwambia. "Hakuna muntu. Kohoa yote."